Mahari ya Gari Jekundu

Siku bodaboda iliyobeba kochi la watu watatu ilipolipita gari la Phineas kwenye mwinuko wa kuingia mjini, mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha abiria. Mwenye boda alitupungia mkono. Angekuwa na dharau ningemjibu, lakini alikuwa na huruma. Kochi lilikuwa limefungwa kwa mipira, limefunikwa nailoni, na nakuapia hata lile kochi lilitutazama.

"Usiseme kitu," Phineas akaniambia.

"Sijasema."

"Unafikiria kwa sauti, Eugene."

Kweli nilikuwa nafikiria kwa sauti. Gari lenyewe ukiliona limeegeshwa, unaweza kulivulia kofia. Jekundu, viti viwili tu, paa la turubai linalokunjwa, pua ndefu kama ya mtu anayekuuliza kama umeoga. Watoto wa mtaa wetu wa Amalemba walilizunguka siku ya kwanza kama lori la msaada. Halafu likatembea. Likitembea lilikuwa kama yule kijana wa kanisa mwenye suti kali ambaye akiitwa mbele kuomba anasahau hata Amina.

Mimi ni kinyozi. Kazi ya kinyozi ni kushika vichwa vya watu na kusikia yaliyomo, na kwa sababu Phineas hulaza gari lake mbele ya kibanda changu cha kunyolea, nimesikia mengi. Mtu yeyote anayetaka kununua gari la aina hii, aje kwangu nimnyoe bure huku namweleza. Tuta la barabarani utalivuka kwa upande, kama kaa. Mvua ya saa tisa ya Kakamega itapita kwenye turubai ikupate begani, wakati mwenye Probox anapiga miluzi akiwa mkavu. Oili utaipima kila ukitia mafuta, maana injini hiyo inalamba oili kama mbuzi anavyolamba chumvi. Mbuzi wenyewe mtalingana macho nao barabarani. Na ukikanyaga mafuta ukitegemea kitu, utapata sauti ya mbu ndani ya mkebe.

Hiyo sauti ya mbu ndiyo iliyokuwa inamuua Phineas.

Maana Phineas hakununua gari. Alinunua sauti. Tukiwa kidato cha pili, alienda likizo kwa shangazi yake Chekalini. Asubuhi moja yuko shambani anapalilia, akasikia kitu kinapita barabarani nyuma ya mahindi. Hakukiona. Alikisikia tu: kikaanza chini, kikapanda, kikapanda, halafu kikafika mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, "mbingu ilichanika." Jembe likamwanguka. Shangazi akamuuliza kama ameumwa na nyoka. Tangu hapo nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko wimbo wa taifa, na kila mara nimeicheka. Mbingu ya Chekalini ichanike, halafu mahindi yabaki wima?

Akakua, akawa muuzaji wa mbegu na mbolea, anazunguka Lugari yote na pikapu ya duka. Siku moja akaingia kwa Mzee Osiako wa Lumakanda kupeleka mbegu, na ndani ya ghala, kando ya trekta, chini ya magunia, akaona pua nyekundu. Lilikuwa gari la kijana wa mzee, aliyehamia Kanada. Phineas akauliza kama kijana huyo alikuwa akipitia Chekalini. Mzee akasema, "Kira siku."

Phineas hakulala wiki hiyo. Akauza pikipiki yake, akavunja akiba yake ya chama, na siku ya kulichukua akaniomba nimsindikize, kama mtu anayeenda kuposa. Hata shati alipiga pasi.

Na kwa kweli ilikuwa posa. Mzee Osiako aliweka mkono juu ya boneti kama mzazi anayempima mtoto homa, akasema:

"Mukhwasi, hii ni binti ya hapa nyumbani. Usiiharakishe, rakini pia usiidharau. Ifikishe mahari yake, itakupenda. Usipoifikisha mahari yake, utarudi hapa ukiria."

Mukhwasi ni mkwe. Sasa wewe mwenyewe jiulize. Umeitwa mkwe, umeambiwa gari ni binti, umeambiwa ulete mahari. Utaelewa nini? Phineas aliinamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, mzee." Mimi nikachangia, nikasema ng'ombe hawataenea kwenye buti. Mzee alinitazama kama mtu aliyeambiwa fumbo la Kichina.

Basi Phineas akaanza kutoa mahari.

Kwanza alileta rimu za kung'aa. Gari halikubadilika. Akaleta eksozi kubwa, mdomo wake unaweza kupitisha chungwa. Yule mbu akaingia kwenye mkebe mkubwa zaidi, basi. Akavisha viti ngozi. Akaleta chujio la hewa lenye umbo la uyoga. Mwisho akaleta bawa la kufunga juu ya buti, refu kama benchi la kanisa, na hapo ndipo wateja wangu walipopata raha.

"Phineas, wazee wa gari wamekubali posa?"

"Bado wanataka blanketi ya shangazi yake!"

"Mpe muda, wanawali wa kizungu hawakubalinga haraka."

Alicheka nao. Lakini mimi nilimjua. Jioni watu wakiondoka alikuwa anakaa ndani ya gari peke yake, analiwasha, anasikiliza, analizima. Kama mtu anayepiga simu ambayo haipokelewi.

Fundi wake ni Masinde, mtu mwema, bingwa wa pikapu. Hakuna pikapu Kakamega nzima ambayo Masinde hajaifufua. Ndiye aliyemfundisha Phineas kuendesha tangu mwanzo, na sheria yake ni moja: sindano ya mizunguko isipite tatu. "Ikipita tatu unaua injini. Badilisha gia mapema, ipumzike." Na Phineas alitii. Ukisikia injini inataka kupandisha sauti, tayari ameshatia gia nyingine. Kwenye saa ya gari lile sindano ina namba mpaka tisa, lakini hilo halikutushtua. Kenya hii kila gari lina namba ambazo barabara haijawahi kuzisikia. Tulijua ni pambo.

Masinde akapima, akasikiliza, akafuta mikono, akatoa hukumu. "Injini imekufa nguvu. Kilichobaki ni kelele. Tuing'oe, tuweke dizeli ya van. Itavuta hadi ng'ombe."

Mnunuzi wa injini hakukawia. Kimutai, mtu wa Eldoret, anayetengeneza magari ya mashindano, alisikia habari akapiga simu. Swali lake lilikuwa moja tu. "Mmewahi kuifungua?"

"Hapana," Phineas akajibu kwa uaminifu. "Haijafunguliwa hata nati moja."

Kimutai akacheka polepole. "Basi usiifungue, ndugu yangu. Jumamosi nakuja na pikapu."

Simu ikakatika. Phineas akabaki ameishika. "Jumamosi ikiondoka imeondoka," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Labda niliota tu, Eugene. Labda kule Chekalini palipita ndege."

Nilikuwa na utani wa kujibu hapo. Nilikuwa nao mdomoni kabisa. Nikaumeza.

Sasa, kwetu huwezi kumrudisha binti wa watu kimyakimya, wala kumkata nywele zote bila kuwaambia kwao. Phineas ni mtu wa adabu. Ijumaa asubuhi akanunua jogoo, akamfunga miguu, akanipa nimpakate, tukaenda Lumakanda kumwambia Mzee Osiako kwamba kesho injini inatoka. Njia nzima tulikuwa gia ya tano, sindano kwenye mbili, malori ya miwa yakitupita. Jogoo alilala. Hata yeye alikuwa amekata tamaa.

Mama Jescah, mke wa mzee, alitupokea kwa kelele na mikono yote miwili. "Mulembe, mulembe! Wakwe wamekuja!" Hatukuruhusiwa kusema neno mpaka obusuma, yaani ugali, iwekwe mezani, na ingokho, kuku wake mwenye mchuzi wa kutosha kuoga. Mtu hatangazi msiba na njaa. Tulikula. Phineas alikula kama mtu anayetafuna barua ya mahakama.

Mwisho akajikaza. "Mzee, nimekuja na habari ya binti yenu. Kesho tunatoa injini. Haina nguvu. Imekataa."

Mzee Osiako akaacha kutafuna. "Muriifikisha mahari yake?"

"Mzee, mahari nimetoa mpaka nimechoka! Rimu nimeleta. Eksozi nimeleta. Viti nimevisha ngozi. Juzi nimeleta bawa. Bado haitaki."

"Bawa ya nini?"

"Ya mahari."

Mzee akageuka, akatazama nje ya mlango pale gari liliposimama na bawa lake kama benchi. Akatazama kwa muda mrefu. "Hiyo ni bawa ya kuku gani?"

"Mzee, si wewe ulituambia tutoe mahari?" mimi nikaingilia. "Nilikuwepo."

"Mimi nirisema mahari!" mzee akapiga meza. "Mahari! Kama hapa ni mahari. Pare ghara ni mahari. Kanisani ni mahari!"

"Kanisani huwa ni sadaka, mzee," Phineas akasema kwa heshima zote.

Mama Jescah alikuwa ameshika nguzo ya mlango. Alicheka mpaka leso ikamfunguka kichwani. Akainama, akagonga sakafu kwa kidole. "Pahari! Anasema pahari! Hapa! Hapa!"

Na hapo, mimi Eugene niliyepata B ya Kiswahili, nikahisi sakafu ikinisogea.

"Mahali," nikasema.

"Si ndiyo nasema!" mzee akafoka. "Mahari!"

Kwetu L na R ni mapacha. Mama yao mwenyewe huchanganya majina yao, na sisi tumezoea kuwatofautisha kwa akili. Mtu akisema amekura ugari, hatumpeleki kwa daktari. Lakini akikuita mkwe kwanza, akili yenyewe inaenda kwa ng'ombe. Phineas alikuwa ameilipia herufi moja kwa miezi mizima ya maisha yake.

Hakucheka. Aliinama mbele, viwiko juu ya meza. "Ni wapi, mzee? Hiyo mahali yake ni wapi?"

Mzee Osiako akainua mkono mmoja, vidole vitano, akaongeza kimoja cha mkono wa pili. "Mbere ya sita. Hiyo injini ina roho mbiri. Moja ya kwenda soko. Ya piri imerara ndani. Haiamki mpaka sindano ivuke sita. Kijana yangu arinionyesha."

"Lakini Masinde alisema ikipita tatu inakufa."

"Masinde ni fundi ya nini?"

"Pikapu."

"Basi arikwambia ukweri ya pikapu."

Tulitoka nje. Mzee hakuwa na haraka. Alimfanya Phineas apime oili kwanza, aongeze, apime tena. Akamwambia aliendeshe taratibu mpaka injini ipate joto, "kwa sababu haiamshwi ikiwa na baridi, hata wewe hungependa." Kisha akaingia kwenye kiti cha abiria, magoti yake yakafika kidevuni, akaweka kofia mapajani. Paa lilikuwa limekunjwa. Barabara ya pale ni lami iliyonyooka kati ya mashamba, na mchana ule haikuwa na mtu wala punda.

Walitembea, wakageuka mbali kule, wakaturudia. Mimi na Mama Jescah tulisimama langoni. Mahindi yalikuwa yamekua kupita kichwa cha mtu, kwa hiyo gari hatukuliona. Tulisikia tu mbu wetu anakuja, yule yule wa kila siku.

Mbu akapanda. Nikangoja Phineas abadilishe gia, maana hapo ndipo hubadilisha. Hakubadilisha. Akapanda tena. Nikakaza meno, kama vile mimi ndiye injini. Akapanda tena, sasa ni sauti ya kitu kinachoomba kuachwa, na nikajisemea, Masinde alikuwa sawa, italipuka, mzee wa watu atakufa amepakata kofia.

Halafu kitu kikafunguka.

Nimejaribu kulieleza hili kwa kila kichwa nilichonyoa tangu siku hiyo. Ni kama umesikiliza kwaya miaka yote ukidhani ni watu kumi, kumbe nusu yao walikuwa nyuma ya pazia, na siku moja pazia linaanguka katikati ya wimbo. Ile sauti nyembamba haikuongezeka. Iliachwa nyuma, na nyingine ikachukua kijiti, kali, safi, imejaa, inapanda pasipokuwa na ngazi tena. Kuku wa Mama Jescah walisimama mguu mmoja juu. Jekundu likapita langoni, upepo ukayalaza majani ya mahindi, na sauti ikaendelea kupanda baada ya gari kupita.

Mama Jescah alikuwa ameweka mkono kifuani. "Hiyo ndiyo kijana yangu arikuwa anarudi nayo nyumbani," akasema. "Nikiisikia, naweka maji ya ugari."

Waliporudi, Phineas alishuka bila kufunga mlango. Akatembea mpaka kwenye ua, akasimama akiyatazama mahindi, amenipa mgongo. Sikumfuata. Mzee Osiako alibaki ndani ya gari anapangusa macho, akisema ni upepo.

Baadaye sana Phineas akageuka. Uso wake ulikuwa wa yule mvulana wa kidato cha pili, jembe limemwanguka. "Haikuwa ndege," akaniambia.

"Haikuwa."

"Ingia."

Nikaingia. Hapa ndipo ningekutania, msomaji, lakini sina kitu. Nakumbuka sindano. Tatu, ambapo tuliishi. Nne, ambapo nilishika mlango. Tano, na Phineas hata hapumui. Sita, kiti kikanisukuma mgongoni kwa kiganja kizima, na saba, na nane, na zile namba ambazo tulisema ni pambo zikawa kila moja ina nyumba yake na taa inawaka ndani. Sauti haikuwa masikioni tena. Ilikuwa kwenye meno, kwenye mbavu. Hatukuwa kwenye mwendo wa ajabu, gia ya pili tu, lori tupu lingeweza kutufikia. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki miezi yote nikikicheka, na kitu hiki kilikuwa hapo mbele ya magoti yangu, kimenyamaza kwa adabu, kinangoja mtu wa kukifikisha.

Tulipunguza. Injini ikarudi kuwa mbu. Nikamwangalia yule mbu kwa macho mengine kabisa.

Simu ya Phineas ikalia tukiwa langoni. Ilikuwa Kimutai. Phineas akaiweka sauti ya nje.

"Ndugu yangu, kesho nifike saa ngapi?"

"Kimutai, imefunguka. Sasa nimeelewa swali lako."

Tukasikia magari ya Eldoret yakipita upande wake. "Nani aliifungua?"

"Baba mkwe."

Kimutai akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayerudisha sahani bila kula. "Mlifika ngapi?"

"Nane na kitu."

"Haya," akasema. "Haya basi. Hata mimi nisingeiuza." Kisha, kabla ya kukata, kwa sauti nyingine kabisa: "Hebu iwashe kidogo nisikie."

Phineas akaiwasha, akaisogezea simu, akakanyaga kidogo tu, kwa heshima. Akaiacha ikiunguruma mpaka Kimutai alipokata mwenyewe.

Kabla hatujaondoka, mzee alileta spana mwenyewe, akaanza kulifungua bawa. "Hiyo mahari rudi nayo," akasema, lakini Mama Jescah alikataa, akasema mahari hairudishwi. Bawa likang'olewa, na sasa liko ndani ya banda lake la kuku. Nasikia jogoo tuliyempeleka ndiye hulala katikati yake, kama mwenyekiti.

Tulirudi polepole. Phineas hakuivusha sita hata mara moja njiani. Nilidhani ataivusha kila kona, lakini alikuwa kama mtu aliyeambiwa siri na mkubwa, anaibeba kwa mikono miwili.

Na kwenye ule mwinuko wa kuingia mjini, kitu kikatupita. Ilikuwa bodaboda ile ile. Safari hii mwenye boda amebeba mlango wa chuma na mtu wa kuushikilia. Akapunguza, akalingana nasi, akatuhurumia tena.

"Msee, hiyo gari yako bado inaumwanga?"

Nikamwangalia Phineas. Sindano ilikuwa kwenye mbili. Mkono wake ulikuwa juu ya gia, umetulia.

"Iko sawa," akamjibu, akimpisha. "Ni vile hapa si mahari yake."